Umepewa utafiti wa jinsia na afya uuongoze: uanzie wapi?

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe unaofanana na uliopita. Anayeandika ni daktari wa wilaya, au muuguzi aliyemaliza shahada ya uzamili juzi, au mhadhiri msaidizi. Bosi wake amemwambia, "Lile andiko la jinsia utalisimamia wewe," akaondoka. Halafu maswali ni yale yale: nitafute kwanza mtaalamu wa jinsia? Nikihoji nusu wanawake nusu wanaume si inatosha? Kibali naomba wapi? Wanaume wakikataa kuja nifanyeje? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, sasa naandika mara moja.

Naandika nikiwa Tanzania, kwa hiyo ofisi nitakazotaja ni za huku. Mkenya abadilishe: mlango wenu ni kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume yenu ya taifa ya sayansi. Mengine hayatofautiani sana.

Kuongoza utafiti wa namna hii ni kufanya maamuzi machache mapema, mengi yake yakiwa kwenye karatasi zinazochosha: bajeti, ratiba, orodha ya majina. Ukikosea huko, hakuna mtakwimu atakayekuokoa mwishoni.

Maneno mawili kwanza, kisha nadharia basi

Jinsi ni mwili: homoni, viungo vya uzazi, namna ini linavyovunja dawa. Jinsia ni yale ambayo jamii humpangia mtu kwa sababu ya mwili huo: nani achote maji, nani ashike pesa, nani aombe ruhusa kabla ya kwenda zahanati. Herufi moja tu inayatenganisha, na hata nyaraka za ofisini huyachanganya.

Mfano wa jinsi: zolpidem, dawa ya usingizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Ilifika Januari 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaagiza dozi ya wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi na asubuhi wanaendesha gari bado imo kwenye damu. Miaka 20 ya dozi moja kwa wote. Mfano wa jinsia ni kichocho, na nitakirudia hapa chini kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtakwimu anayekubali kukaa nawe kabla dodoso halijaandikwa. Anayesubiri uletewe data, mwache.
- Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unayokwenda, awe na namba yako nawe uwe na yake.
- Watu wanne au watano wanaoishi na tatizo unalolichunguza, wanaoweza kukwambia "hapana, sivyo" bila kukuogopa.
- Bajeti ambayo bado haijafungwa. Kama imeshafungwa, soma Hatua ya 5 kabla ya zote.
- Cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti, chako na cha wenzako wakuu. Kamati nyingi hukiuliza.
- Muda. Vibali vihesabie miezi, usivihesabie wiki.

Mtaalamu wa jinsia? Ukimpata ni vizuri, lakini usimwite aje kuandika aya mbili kwenye andiko lililokwisha. Nimeona maandiko mengi yenye aya hizo mbili. Unazitambua mara moja: ukizifuta, hakuna kinachobadilika kwenye utafiti.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo jinsia imo ndani yake

"Kuchunguza masuala ya jinsia katika kifua kikuu" si swali, ni kichwa cha semina. Jaribu hivi: "Kwa nini wanaume wenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili wanachelewa kufika kituoni kuliko wanawake, na ni nani nyumbani anayewasukuma waende?" Hapo kuna mtu, kuna tendo, kuna uamuzi.

Nimechagua mfano wa wanaume kwa makusudi. Kosa la kwanza kabisa kwa wanaoanza ni kudhani jinsia ni jina la adabu la wanawake. Duniani mwaka 2022, kati ya watu waliougua kifua kikuu wanaume wazima walikuwa asilimia 55, wanawake wazima 33, na waliobaki ni watoto. Sehemu ya pengo hilo inatokana na kazi za vumbi, sigara, pombe za vijiweni na ile tabia ya "kitapita tu". Ukiandika utafiti wa kifua kikuu na jinsia usiowahusu wanaume, umeacha nusu ya jambo.

Ukiwa na swali la kwanza mkononi, lipitishe kwenye maswali manne: nani ana nini? Nani anafanya kazi gani? Nani anaamua? Jamii inasema nini mtu akifanya kinyume? Hayo manne yanatosha, huhitaji mchoro wa mishale.

Sasa kichocho. Katika utafiti wangu wa kwanza tuliandika kwamba walio hatarini ni watoto wa shule na wavuvi. Ndivyo tulivyosoma, ndivyo tulivyonakili. Kwenye kata ile wanawake walikuwa wanasimama majini mpaka kiunoni kila siku, wanafua, wanaosha vyombo, wanapanda mpunga. Hakuna aliyewahesabu, kwa sababu kwenye dodoso kufua si "kazi". Siku ya tatu mama mmoja alimuuliza mdodosaji wetu: "Na sisi tunaokojoa damu mbona hamtuulizi?" Alikuwa ameshatibiwa ugonjwa wa zinaa mara mbili, na mara zote mbili mumewe alimshuku.

Kilichokuwa kikimsumbua yule mama kinaelezeka. Kichocho cha mkojo, kile cha *Schistosoma haematobium*, hutaga mayai yanayonasa si kwenye kibofu tu bali pia kwenye uke na mlango wa kizazi. Huleta vidonda, uchafu ukeni, damu baada ya tendo la ndoa, wakati mwingine ugumba. Na mkojo unaweza kupimwa usionekane na yai hata moja. Muuguzi asiyefundishwa kulifikiria hilo ataona dalili za zinaa na kutoa dawa za zinaa. Mdudu ni mmoja kwa wote, ila mzigo wa aibu hubebwa na mwanamke peke yake. Yapitishe maswali yale manne hapo uone yanavyofungua mambo: nani anaingia majini, saa ngapi, nani ana nauli ya kwenda hospitali yenye kipimo cha kutazama mlango wa kizazi, nani anaamua kwamba damu hiyo ni ugonjwa na si uzinzi.

Tuliandika dodoso upya. Ilitugharimu wiki mbili, pamoja na ugomvi na mfadhili.

Hatua ya 2: Panga timu, na uandike nani atakuwa nani

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotazama jambo hili mwaka 2019, lilikuta wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi duniani, lakini kwenye nafasi za juu ni asilimia 25 tu. Timu nyingi za utafiti ni picha hiyo hiyo ikiwa ndogo: wadodosaji ni akina dada, mtafiti mkuu ni mzee wa suti. Si lazima iwe hivyo. Dkt. Mwele Malecela alishika uongozi wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mwaka 2010, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na alikuwa amefika hapo kupitia utafiti wa matende na mabusha. Huo nao, ukiutazama vizuri, ni ugonjwa wa jinsia: mwanaume mwenye busha hujificha, haoi, haendi msikitini wala kilabuni.

Fanya haya kabla hujaajiri mtu:

1. Andika ukurasa mmoja wa makubaliano ya uandishi: nani mwandishi wa kwanza wa makala ipi, nani wa mwisho, mdodosaji afanye nini ili jina lake liingie. Wote watie saini. Ukisubiri matokeo yatoke, utaandika makubaliano hayo watu wakiwa wamenuniana.
2. Kama kuna mshirika wa nje, andika data itatunzwa wapi na nani anaweza kuitumia baada ya mradi. Sampuli za maabara zikitoka nje ya nchi zinahitaji makubaliano yake maalumu ya maandishi.
3. Kwenye mikataba ya wadodosaji weka kifungu cha ujauzito na kunyonyesha. Usiweke kisha ukasahau kukitengea fedha.
4. Mpe mwanatimu kijana sehemu moja ya utafiti iwe yake kabisa, akosee na arekebishe. Ukimtuma kuleta chai ya kikao kwa miaka miwili, usishangae akihama.

Hatua ya 3: Kaa na wanaohusika kabla ya dodoso

Hapa wengi huruka, wakisema "jamii tutaishirikisha kwenye mrejesho". Sikiliza kisa cha dolutegravir, dawa ya VVU.

Mei 2018, utafiti wa Botswana uitwao Tsepamo ulitoa tahadhari: kati ya watoto 426 waliozaliwa na wanawake waliokuwa wakitumia dawa hiyo ya VVU tangu kutunga mimba, 4 walikuwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, kama mgongo wazi. Namba ndogo, lakini ya kutisha. Nchi kadhaa zikawazuia wanawake wenye umri wa kuzaa wasipewe dawa ambayo wanaume waliendelea kuimeza, ingawa ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali. Wakasema: tupeni taarifa, tupeni uzazi wa mpango kwa anayetaka, kisha tuacheni tuchague wenyewe. Mwaka mmoja baadaye Tsepamo ilikuwa na watoto 1,683, na waliopata kasoro hizo walikuwa 5. WHO ikapendekeza dawa hiyo kwa watu wote, wanawake wakiwemo.

Wataalamu waliona kiinitete. Wanawake wale waliona kiinitete, na pia miaka 30 ya kumeza vidonge, na mtu mzima mwenye akili zake. Wangekuwa kwenye meza siku ya kwanza, mjadala ungeanzia mbali zaidi.

Kwa hiyo waite wale wanne watano. Wasomee swali lako kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kisukuma, Kimakonde, lugha yoyote inayotumika nyumbani. Waulize: je, hili ndilo linalokusumbua? Nani akisikia umejibu swali hili atakudhuru? Wakati gani wa siku nikija nitakukuta peke yako? Walipe nauli na muda wao kama unavyomlipa mshauri yeyote. *Tahadhari:* usimwite mwenyekiti wa kijiji na mke wake ukasema umeshirikisha jamii.

Hatua ya 4: Sampuli

"Nusu kwa nusu" haitoshi, na sababu ni ya hesabu tu. Sampuli iliyopimwa ili kuonyesha kama dawa au huduma inafanya kazi haiwezi kuonyesha kama inafanya kazi *tofauti* kwa wanawake na wanaume. Ikiwa tofauti unayoitafuta kati ya makundi hayo mawili ina ukubwa sawa na athari yenyewe, unahitaji watu karibu mara nne. Mwambie mtakwimu wako mapema ni tofauti ipi unataka kuiona. Kama fedha hazitoshi, andika waziwazi kwamba hilo utalitazama kwa mbali tu, halafu usije ukalitangaza mwishoni kana kwamba umelithibitisha.

Jambo la pili ni mahali na saa. Ukichukua watu kwenye kliniki ya mama na mtoto utapata akina mama. Ukipita nyumbani saa nne asubuhi utapata akina mama, wazee na vijana wagonjwa. Wanaume wako shambani, mgodini, kwenye kijiwe cha bodaboda. Panga jioni na Jumapili alasiri. Na usimsahau mwanamke wa sokoni, ambaye naye saa nne hayupo nyumbani.

Hatua ya 5: Bajeti

Tazama mistari hii, ndiyo inayosahaulika:

- mtu wa kushika watoto wakati mama anahojiwa;
- nauli ya msindikizaji, kwa wasichana na kwa watu wenye ulemavu;
- safari ya pili na ya tatu kuwafuata wasiokutwa;
- wadodosaji wa kike na wa kiume wa kutosha, maana kuna maswali ambayo mwanaume hamwambii binti wa miaka 23;
- siku za ziada za mafunzo;
- ushauri nasaha kwa wadodosaji wenyewe;
- mrejesho vijijini, pamoja na usafiri wake.

Mfadhili akisema kushika watoto "si gharama ya utafiti", mwonyeshe hesabu ya mahojiano yanayokatishwa katikati. Mimi niliwahi kuupoteza mstari huo kwenye majadiliano. Tukamaliza na data ya wanawake wasio na watoto wadogo, yaani wasio wale tuliowatafuta.

Hatua ya 6: Vibali

Fuata ngazi, usiruke. Kamati ya maadili ya taasisi yako, kama ipo. Kisha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana yao, ZAHREC, na kibali cha Bara hakikufungulii mlango Unguja wala Pemba. Watafiti wa kigeni wanahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Halafu TAMISEMI, katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Beba nakala nyingi kuliko unavyodhani. Soma masharti yaliyochapwa kwenye cheti chenyewe, hasa kuhusu taarifa za maendeleo na ruhusa ya kuchapisha. Wengi hukitundika ukutani bila kukisoma.

Tangu 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikifanya kazi. Majina na namba za simu vikae mbali na majibu, na vishikwambi viwe na nywila.

Mhojiwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria: unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ukubali wake mwenyewe. Ukihoji mabinti kuhusu mambo ambayo mzazi akiyajua atampiga, jadiliana na kamati mapema namna ya kumlinda. Usijiamulie ukiwa uwandani.

Hatua ya 7: Dodoso

Mitego ni mitatu.

*Mkuu wa kaya.* Ukiuliza "mkuu wa kaya ni nani?" utatajiwa mwanaume hata kama yuko Dar mwaka wa tatu hajatuma hata shilingi. Uliza badala yake: nani aliamua mara ya mwisho mtu alipougua? Nani alitoa pesa?

*Kazi.* "Sifanyi kazi, nipo nyumbani tu," atakwambia mama aliyelima ekari 2. Usiulize kama anafanya kazi. Uliza amefanya nini tangu jana alfajiri mpaka alipolala, saa kwa saa.

*Maneno ya mwili.* Dodoso lililotafsiriwa ofisini lina maneno ambayo mtu hajawahi kuyatamka kwa mdomo wake. Lijaribu na watu 10 wa eneo lenyewe, kisha mtu mwingine alirudishe kwenye lugha ya awali bila kuona asili. Mahali fulani neno letu la "kizazi" lilieleweka kuwa watoto na wajukuu. Tulikuwa tumeshahoji watu 60.

Hatua ya 8: Usalama, na hapa usifanye haraka

Hata kama utafiti wako ni wa malaria, ukiuliza nani anaamua nyumbani, utakutana na ukatili. Katika utafiti wa WHO wa nchi nyingi, uliofanyika hapa nchini 2001 hadi 2002 Dr. Jessie Mbwambo akiwa miongoni mwa viongozi wake, asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi walisema walishapigwa au kulazimishwa naye ngono. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Usijidanganye kwamba kwenye sampuli yako hawamo.

Taratibu zilizotumika kwenye utafiti ule bado ndizo nzuri kuliko zote ninazozijua:

1. Hoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya. Ukihoji wawili, mmoja atajua mwenzake ameulizwa nini.
2. Kwa majirani na viongozi utafiti uitwe kwa jina salama, kama "afya ya wanawake na maisha yao". Mhojiwa mwenyewe aelezwe ukweli wote wakati wa ridhaa, mkiwa wawili.
3. Mdodosaji awe na maswali ya akiba kuhusu lishe au chanjo. Mtu akiingia, anahamia huko bila kupepesa macho. Lifanyieni mazoezi, kwa maigizo, mpaka liwe kawaida.
4. Mtoto wa zaidi ya miaka 2 asiwepo. Anasikia, na atasimulia.
5. Orodha ya rufaa iwe imehakikiwa kwa miguu yako: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini kama kipo, afisa ustawi wa jamii, namba 116 kwa mambo ya watoto. Nimesema kwa miguu. Niliwahi kugawa kadi yenye namba ya ofisi iliyokuwa imehama miezi minne nyuma.
6. Usimpe mwanamke karatasi inayosema "ukatili" aende nayo nyumbani. Mpe kadi ndogo yenye namba za huduma nyingi za afya, hiyo moja ikiwa katikati yake.

Kila jioni keti na wadodosaji dakika 30. Si kwa ajili ya kuhesabu madodoso. Ni ili waseme walichosikia, maana kitawafuata usingizini.

Hatua ya 9: Uchambuzi

Usiishie kuweka jinsi kwenye modeli ya takwimu "ili kuidhibiti". Ukifanya hivyo umekifuta kile ulichokwenda kukitafuta. Onyesha wanawake peke yao, wanaume peke yao, kisha tofauti na upana wa uhakika wake (confidence interval). Halafu gawa tena: binti wa miaka 17 na mama wa miaka 45 si kundi moja kwa sababu tu wote ni wanawake. Mwenye ulemavu, mjane, mke wa pili, mwanaume kibarua asiye na ardhi: watafute kwenye data yako.

Mfano mzuri wa kwa nini ugawe ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulipata kiwango cha maambukizi kwa watu wazima cha asilimia 4.4. Ukiigawa unapata wanawake 5.6 na wanaume 3.0. Ile 4.4 si ya mtu yeyote.

Kwa uandishi tumia SAGER, mwongozo wa mwaka 2016 wa kuripoti jinsi na jinsia kwenye utafiti. Ni mfupi na una orodha ya kukagua. Hariri kichwa cha makala pia: kama ulihoji wanaume tu, kiseme hivyo.

Hatua ya 10: Mrejesho

Rudi kijijini kabla hujaenda kwenye kongamano. Fanya vikao viwili, wanawake kwao na wanaume kwao, kisha cha pamoja kama wale wanne watano wanaona ni salama. Halmashauri wape kurasa 2 na jambo moja wanaloweza kulifanya ndani ya bajeti ya mwaka ujao. Sisi kwenye kichocho hatukuomba mashine. Tuliomba swali moja liongezwe kwenye mafunzo ya wauguzi: "Unaingia majini mara ngapi kwa wiki?"

Ukikwama

*Kamati imerudisha andiko.* Kwa kawaida ni usalama au watoto. Usijibu kwa hasira wala kwa aya ndefu. Jibu hoja kwa hoja, ukitaja ukurasa uliorekebisha.

*Wanaume hawaji.* Badilisha saa, badilisha mahali, kisha badilisha anayewaita. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda huleta watu kuliko barua ya mganga mkuu.

*Mtendaji anang'ang'ania kukaa kwenye mahojiano.* Mwonyeshe sharti la faragha kwenye kibali, kwa heshima na mbele ya mashahidi. Mpe kazi ya kweli, kama kupanga foleni mbali na chumba. Akikataa, ahirisha siku hiyo. Mahojiano mbele yake hayana thamani.

*Mume anataka kujua mkewe aliulizwa nini.* Mdodosaji ana jibu moja: "Mambo ya afya, na wewe tunaweza kukuhoji ukipenda." Awe na dodoso fupi la akiba la kumhoji kweli, kuhusu afya kwa ujumla. Majibu yake usiyachanganye na data.

*Bosi anataka majedwali ya jinsi yaondolewe kwa sababu "yanachanganya".* Mkumbushe kwamba yalikuwa kwenye andiko lililoidhinishwa. Kuyaondoa ni kubadili itifaki, na mabadiliko hayo yanarudi kwenye kamati. Mara nyingi sentensi hiyo inatosha.

*Hakuna tofauti yoyote kati ya wanawake na wanaume.* Kwanza angalia kama sampuli ilikuwa na uwezo wa kuiona. Kama ilikuwa nao, hilo ni tokeo, liandike. Kama haikuwa nao, andika hivyo pia.

*Mdodosaji wako bora amesema hawezi kuendelea.* Mwondoe uwandani siku hiyo hiyo, mlipe siku zilizobaki, mtafutie wa kuzungumza naye. Akitaka kurudi, mpe kazi ya kuingiza data kwanza. Jina lake libaki kwenye makubaliano ya uandishi pale pale lilipokuwa.